Gurudumu Lililosimama Likizunguka

Awino binti Ogola alikuwa na hasira za karibu. Watu wa Nkende walilijua hilo hata kabla hawajajua kwamba ni fundi umeme. Ukimpelekea tyubu ndefu na balasti ya tyubu fupi, ukamwambia "funga tu hivyo hivyo, fundi, itawaka", alikurudishia mfuko wako mlangoni na kukuuliza kama na watoto wako uliwaoza hivyo hivyo, bila kuuliza ukoo. Kwake yeye taa na kile kisanduku kinachoiwasha vilikuwa mke na mume. Hubebi cha huku ukakibandika kwa cha kule kwa sababu tu vyote vinauzwa duka moja.

Ufundi alirithi kwa baba yake, marehemu Ogola, aliyetengeneza mashine za kusaga nafaka kule Sirari maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Hasira alirithi kwa mama. Mama Susana ni mwanamke ambaye akikohoa tu, mbwa wa jirani anahama kivuli.

Kabla ya habari hii Awino alikuwa amefanya kazi kwenye kambi za watalii upande wa Natta. Huko mahemani kulikuwa na vitaa vidogo visivyotumia umeme wa kawaida mpaka transfoma iupunguze kwanza. Meneja mmoja akaja na vitaa vipya vinavyokula umeme kidogo sana, akaagiza vichomekwe kwenye transfoma zile zile za zamani. Awino akamwambia haitawezekana, transfoma iliyozoea gunia ukiipa kikapu haijui kama kuna mzigo au hakuna. Hakusikilizwa. Taa zikakesha zinapepesa, wageni wakalalamika, na aliyelaumiwa ni nani? Fundi. Awino akamtolea meneja uvivu mbele ya wapishi na wapagazi, akafungasha vifaa vyake, akarudi kwao Nkende, Tarime. Huyo ndiye mtu ninayemzungumzia. Akijua jambo, hawezi kulimeza, na kumlaumu kwa hilo mimi siwezi.

Sasa, miaka ile dhahabu ilipotoka kwenye vilima vya Nyasoti, watu waliacha mihogo yao kwa ngedere. Wakaja vijana kutoka Geita, wakaja kutoka Shinyanga na Kigoma, wakaja na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka wanaochanganya Kiswahili na Kiingereza mpaka huelewi anauza au ananunua. Palipo na mawe ya dhahabu pana karasha, mashine ya kuyasaga, na karasha kubwa kuliko zote pale Nyasoti ilikuwa ya Mzee Wangwe. Aliuza ng'ombe wa boma zima kuinunua, kisha akaogopa wezi. Banda lake akalizungushia mabati kutoka chini hadi juu, bila dirisha, bila upenyo. Ndani mchana na usiku vilikuwa kitu kimoja, kwa hiyo taa hazikuzimwa kamwe.

Na pale kwa Wangwe kulikuwa na desturi. Wanawake wanaofagia banda hawakulipwa. Ujira wao ulikuwa vumbi. Mawe ya mteja yakiisha, mwendesha mashine, kijana wa Shinyanga aitwaye Hosea, alipiga kelele, "Imekula!", kisha akazunguka nyuma ya pipa la kusagia kwenda kuzima mota. Gurudumu la mota likisimama, vumbi lililoanguka chini lilikuwa la yule ambaye ufagio wake umeligusa kwanza. Akaenda kuliosha kwenye karai, na siku nyingine chembe ya dhahabu ikabaki ikimetameta pale chini. Vumbi zito lilirundikana chini ya gurudumu lenyewe, kwa hiyo kila mwanamke alichuchumaa na ufagio wake akilikodolea macho. Kusikiliza hakukusaidia kitu. Makarasha ya majirani yalinguruma kila upande, na masikio pale yalikuwa mapambo tu. Kinga ya bati iliyotakiwa kulifunika gurudumu ilitolewa siku ya kubadilisha mkanda, ikaegemezwa ukutani, na hapo ndipo ilipozeekea.

Mama Susana alikuwa mmoja wa wafagiaji. Awino alimsihi aache, akamwambia chakula kipo, kodi inalipwa, kuna haja gani ya kula vumbi la watu? Jibu la mama yake lilikuwa moja siku zote. "Mtu mwenye mikono miwili hali jasho la mwanawe." Hata ugali wa Awino aliukataa. Alijipikia chungu chake pembeni, mwanawe akitazama, na Awino akala hasira pamoja na dagaa.

Taa za banda lile alizifunga Awino mwenyewe hapo mwanzo. Alifunga tyubu zenye balasti za elektroniki, kila balasti na tyubu yake inayolingana nayo, na akamwambia Wangwe waziwazi: taa zipewe waya wao, zisinywe kisima kimoja na mota. Mota ile ikiamka inavuta umeme wote kwa mkupuo, ikizimwa inaurudisha kwa kishindo, na balasti hizi hazina kifua cha kuhimili hayo. Wangwe akaona waya wa ziada ni ulafi wa fundi. Basi balasti zikafa, moja leo, nyingine kesho kutwa. Wangwe hakumwita Awino. Akaleta fundi wa Mugumu, Nikodemo, ambaye aling'oa balasti zote na kurudisha choki za zamani, yale mapande ya chuma yanayoguna, pamoja na stata zake za kuziwashia. Taa zikawaka nyeupe, wala hazikuungua tena. Wangwe akawa anatamba kwamba amepata fundi mwanaume mwenye akili.

Kisha Specioza akakatwa vidole.

Specioza alikuwa mama wa Kihaya aliyefuata mume wake machimboni, mume akapotelea huko huko machimboni, yeye akabaki na ufagio. Ndiye aliyekuwa anachuchumaa karibu kabisa na gurudumu, kwa sababu alitangulia wenzake kufika Nyasoti. Siku hiyo Hosea aliita, Specioza akanyoosha mkono, na gurudumu likauchukua. Vidole vya mkono wa kulia havikurudi. Alipoulizwa kwa nini alitia mkono kwenye chuma kinachozunguka, alirudia neno moja mpaka watu wakadhani amerukwa na akili: lilikuwa limesimama, nililiona kwa macho yangu limesimama.

Na Wangwe alifanya nini? Alirudisha kinga? Alimpeleka hospitali kwa gari lake? Thubutu. Alisema mama huyo ni mzembe, kisha akaita mganga. Mganga akazunguka banda, akanusa hewa, akatamka kwamba kuna mwanamke aliyepanda juu ya mashine akaichafulia nyota. Na mwanamke pekee aliyewahi kupanda ngazi juu ya mashine ile alikuwa Awino. Basi ikatolewa amri: wanawake wataendelea kufagia, lakini yule fundi wa kike wa Nkende asikanyage banda.

Awino aliyasikia haya kwa mama yake, jioni, Mama Susana akipukuchua maharage na kusimulia kama umbea wa kawaida. La mganga halikumwuma sana. Kilichomsimamisha ni maneno ya Specioza. Aliwasha pikipiki yake, akaenda kumwona alikolala kwa jirani, mkono umefungwa kitambaa. Akampa pole, akaketi, akamwuliza mambo mawili tu: gurudumu lile lina mikono mingapi katikati, vile vyuma vinavyolishika duara, na taa zilizokuwa zinawaka ni zipi. Specioza akajibu kwamba mikono ni minne, na taa ni zile nyeupe mpya zinazoguna. Awino akafumba macho. Alimkumbuka baba yake kule Sirari, akikataa kabisa kutundika tyubu ya choki juu ya mkanda wa mashine, na akimweleza sababu polepole kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara.

Sababu yenyewe ni hii. Umeme unaokuja kwa waya haumiminiki sawasawa, unapanda na kushuka, na taa ya choki inapanda na kushuka nao. Inafumba na kufumbua haraka kuliko jicho linavyoweza kuona, hivyo wewe unaona inawaka tu. Lakini gurudumu linaona. Likizunguka kwa mwendo unaolingana na kule kufumba, kila taa ikifumbua inakuta mkono mmoja wa gurudumu umekaa pale pale ulipokuwa mwenzake, na jicho lako linaapa kwamba limesimama. Mashine ikiwa na mawe, mota inaelemewa, mwendo haulingani, unaona mikono inatambaa. Mawe yakiisha mota inakuwa nyepesi, inashika mwendo wake kamili, na hapo ndipo gurudumu linaposimama machoni pa watu. Yaani linadanganya saa ile ile ambayo wanawake wanalisubiri lisimame. Balasti ya elektroniki haina ujinga huo, maana inafumba na kufumbua haraka mno hata gurudumu haliwezi kuifuata.

Asubuhi yake alimkuta Wangwe amekaa nje ya banda akinywa uji. Hakumwamkia. Huku kwetu kumpita mzee bila shikamoo ni sawa na kumtemea mate, na Awino alijua. Akamweleza yote, mara ya kwanza kwa utaratibu, mara ya pili kwa sauti. Akamwambia arudishe kinga leo hii, na mpaka taa zitakapobadilishwa atundike hata globu moja ya kawaida pale kwenye gurudumu, ile ya waya unaoiva, maana hiyo haifumbi kama choki. Wangwe akamaliza uji wake.

"Mwenye macho haambiwi tazama, binti," akasema. "Gurudumu likizunguka tunaliona. Likisimama tunaliona. Wewe umekosa kazi, unatafuta pa kuingilia."

Awino akamwita muuaji. Walinzi wakamsindikiza mpaka barabarani, naye akiwatukana ukoo kwa ukoo. Akampigia simu Nikodemo, Nikodemo akacheka, akasema choki zimewaka tangu enzi za babu zetu na hazijamla mtu. Awino akamwuliza kama babu yake alikuwa anafagia chini ya mota, akakata simu kabla ya jibu.

Yote hayo angeyastahimili. Lakini jioni ile Mama Susana alirudi anatabasamu. Nafasi ya Specioza imepata mtu, akasema. Wenzake wamemheshimu kwa umri wake, na kuanzia kesho yeye ndiye atachuchumaa mbele, kando ya gurudumu.

Yawa! Ugomvi wa usiku huo majirani wa Nkende waliusikiliza bila kulipa kiingilio. Awino alimwambia mama yake hatoki. Mama Susana akauliza tangu lini yai likamfundisha kuku. Awino akaeleza habari za kufumba na kufumbua, mama akamjibu kwamba macho yake hayajazeeka, ndiyo yaliyomwona Awino akitoka tumboni na hayakukosea. Awino akalia kwa hasira. Mama yake alipoona machozi akalainika kidogo, akamgusa kichwa, akasema, "Nyathina, mwanangu, mimi si mzembe kama yule." Hilo likamchoma Awino kuliko matusi yote ya siku ile, kwa sababu Specioza hakuwa mzembe. Specioza aliona hasa kile ambacho mama yake angekiona.

Alfajiri Mama Susana aliondoka kimyakimya. Awino alikuta kitanda kimetandikwa. Akachukua tochi yake ya betri, akachomoa ufagio wa jirani uani, akapanda pikipiki.

Mlangoni kwa Wangwe alikaa Kornelio, mlinzi, aliyenyoosha rungu na kusema amri anaijua, fundi wa kike haingii. Awino akamwonyesha ufagio. Akamwambia leo hakuja kama fundi, amekuja kufagia, na kama kuna amri inayokataza wafagiaji aitaje. Kornelio akafikiri, hakuipata. Akasogea.

Ndani vumbi lilikuwa zito na kelele zilikuwa nzito zaidi. Tyubu za Nikodemo zilimwaga weupe wake juu ya kila kitu. Swichi ya taa ilikuwa kando ya mlango, pale pale Awino alipoiweka mwenyewe, naye akasimama chini yake. Ng'ambo aliwaona wanawake wamechuchumaa, na mbele yao wote mgongo wa mama yake katika kitenge cha kijani. Akaita. Hakuna aliyesikia. Mikono ya gurudumu ilikuwa inatambaa kinyumenyume, taratibu, halafu taratibu zaidi.

"Imekula!" Hosea akaita, akapotea nyuma ya pipa.

Gurudumu likasimama.

Nakwambia lilisimama. Awino, aliyefundishwa na Ogola, aliyekesha akilieleza jambo hilo mpaka sauti ikamkauka, alilitazama na kwa pumzi moja akaliamini. Mikono minne ya chuma, imetulia, unaweza hata kuona kutu juu yake. Mama Susana akanyoosha ufagio, na mkono ukafuata ufagio.

Awino akazima taa.

Giza likaanguka, na mtu akigutuka gizani huvuta mkono wake kifuani, hilo halifundishwi. Wanawake wakapiga yowe. Kitu kikalia kraa, kikavunjika, na vijiti vikaruka vikagonga mabati. Awino akawasha tochi akaielekeza kwenye mota. Ile taa ya betri haifumbi wala haifumbui. Hapakuwa na mikono minne. Palikuwa na duara la ukungu linalozunguka kwa kasi ya kutisha, na ndani yake ufagio wa Mama Susana ukimalizika kutafunwa. Mama Susana alikuwa amekaa chini, mikono yote miwili imekumbatia kifua. Awino akapitisha tochi juu ya vidole vyake, kimoja kimoja, vyote vilikuwapo. Hapo hofu ikamshika, ikageuka hasira kabla haijamaliza kuwa hofu.

Yowe lilimleta Wangwe. Aliingia akifoka, nani amezima, nani amemwingiza mchawi huyu. Awino akamwambia Hosea, ambaye giza lilimkuta hajaizima mota, asiiguse, aiache kama ilivyo, na Hosea, aliyekwisha kuuona ufagio, akatii. Awino akawasha tyubu. Weupe ukarudi, na gurudumu likasimama tena, kimya machoni, mikono minne na kutu yake. Wanawake wakashika vinywa.

"Mzee," Awino akasema, sasa kwa sauti ya chini, "mwenye macho haambiwi tazama. Linazunguka au limesimama?"

Wangwe akatazama. Alikuwa mtu wa kiburi na watu walikuwa wanamtazama. "Limesimama," akasema.

"Lishike."

Mkono wa Wangwe ulitoka kwenye koti, wenye pete na saa. Ukafika nusu ya njia. Miguuni pake palikuwa na vijiti vya ufagio. Akalitazama gurudumu lililotulia kama kigoda, akavitazama vijiti, na mkono ukakaa hewani pale mbele ya wafagiaji wake wote. Kisha ukarudi kwenye koti taratibu. Hosea akazima mota bila kuambiwa.

Hakuomba radhi. Watu wa namna ile hawaombi. Kinga ya bati ilirudishwa siku hiyo hiyo, globu ikatundikwa, na baadaye akatuma mtu Nkende kumwambia fundi aje afunge balasti zake anavyotaka, na waya wa peke yake pia. Awino alifunga. Alizifunga kwa ajili ya wanawake wale, na kila skrubu aliyokaza aliikaza kwa hasira, kwa sababu waya ule ungewekwa tangu mwanzo Specioza angekuwa anasonga ugali kwa mkono wa kulia mpaka leo. Vidole havina spea. Hilo alimwambia Wangwe usoni, akiwa juu ya ngazi, juu ya mashine, na safari hii hakuna aliyetaja nyota.

Lakini turudi siku ile ya ufagio. Awino alimbeba mama yake kwa pikipiki mpaka nyumbani. Akasonga ugali kwa kishindo, akaosha sufuria kwa kishindo, akatenga dagaa. Mama Susana alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono mapajani, anaigeuza na kuitazama kama vitu alivyoazimwa. Chungu chake pembeni hakukiwasha. Akasema Awino amekosea jambo moja tu kule kwa Wangwe: mtoto aliyelelewa vizuri hampiti mzee bila kumwamkia.

Awino alitaka kupasuka. Alipogeuka, mama yake alikuwa amekwisha kunawa. Mkono wa kulia, wenye vidole vyake vyote, ulikuwa umeshafika kwenye sahani ya jasho la mwanawe.

"Kula, Mama," Awino akamwambia kwa ukali.

Mama Susana akamega tonge.